Pasi Isiyo na Hati

Wewe unayesoma, kwani nani kakupa? Haya, shauri yako. Mimi sina ugomvi na mtu, na haya ninayoyasimulia sikuyatafuta, yalinikuta mezani. Naitwa Ngwali, karani wa meza ya magoli, Wizara ya Michezo, Vigelegele na Nidhamu, Jamhuri ya Kwetukwenu. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani yetu ilipelekwa kuhakikiwa miaka tisa iliyopita, na waliopelekewa wanasema hawakumbuki kusaini kuipokea.

Hilo la kusaini ndilo jambo lenyewe, kwa hiyo nilieleze mapema. Kwetukwenu hakuna kitu kinachotoka mkono huu kwenda mkono ule bila hati ya makabidhiano. Nakala tatu: nyeupe ya mtoaji, ya waridi ya mpokeaji, ya njano ya serikali. Jirani akikuletea sahani ya pilau siku ya sikukuu, kwanza mnasaini, ndipo unaonja, na pilau limeshapoa zamani. Mimi nilipooa, mkwe wangu alinikabidhi binti yake kwa hati, ikagongwa muhuri, akina mama wakapiga vigelegele. Nakala yangu ya waridi imetundikwa sebuleni hadi leo. Mke wangu, Mashavu, huniambia siku akichoka atanirudisha kwa hati hiyohiyo, chini ya kifungu cha bidhaa yenye kasoro.

Si kwamba hatupendani. Tunapendana sana, ila kwa uangalifu. Ukimwambia mtu njiani "Habari za asubuhi?" atasimama, atakutazama juu mpaka chini, kisha atakuuliza, "Kwani umesikia nini?" Ndiyo salamu yetu, na hakuna anayeona ubaya.

Sasa katika nchi ya namna hiyo, jamani, tukashinda kombe.

*

Lilikuwa Kombe la Kanda la mpira wa kikapu. Tangu tupate uhuru hatukuwahi kushinda chochote. Yaliwahi kufanyika mashindano ya usafi wa masoko, tukashiriki peke yetu, tukashika nafasi ya pili.

Lakini tulikuwa na nyota. Kilapilo! Mrefu, mikono kama ngazi, picha yake imebandikwa kwenye chupa za soda, kwenye jalada la daftari za shule, hata mlangoni pa zahanati ya mtaani kwetu, ingawa hakuwahi kuugua. Wizara ilimpenda kwa sababu ni rahisi kumshukuru. Mtu mmoja, kiti kimoja, medali moja, hotuba fupi. Vijiweni watu waligombana mpaka chai ikapoa. Wengine walisema bila Kilapilo hakuna timu, wengine wakauliza Kilapilo angecheza na nani. Kila upande uliandika majina ya upande wa pili, kwa tahadhari tu.

Na alikuwepo Mbonea. Huyu ni mtoto wa dada yangu mkubwa, Siwema, nami ndiye niliyemlea tangu alipoanza kidato cha kwanza. Mfupi, mpole, hana picha hata kwenye kiberiti. Kazi yake ilikuwa kugawa mpira, basi. Siku moja mezani nilimuuliza, "Mjomba, mbona wewe hufungi?"

"Nafunga, mjomba," akanijibu huku anamega ugali. "Ila natumia mikono ya wengine."

Mashavu alipoondoa vyombo, nikaliandika lile jibu pamoja na saa. Mimi naandika kila kitu, ndivyo nilivyoumbwa. Nina daftari langu la jalada la bluu, si la Wizara, langu mwenyewe, ambalo kila mechi naandika nani kampa nani mpira na dakika ya ngapi. Karatasi rasmi ya mezani inaandika wafungaji tu, na hilo siku zote lilinitia shaka. Mpira unafikaje kwa mfungaji? Unaota?

Haya. Fainali, uwanja wetu, mashabiki elfu tisa, tuko nyuma sitini kwa hamsini na tisa, zimebaki sekunde saba. Mpira anao Kilapilo. Wapinzani watatu wamemganda. Elfu tisa wamesimama. Kilapilo akaruka, na sote tukajua anafunga. Hakufunga. Akiwa hewani aliuachia mpira kwa Mbonea.

Mbonea akanitazama mimi. Nakuapia, alinitazama mimi mjomba wake pale mezani, usoni kabisa. Nikadhani ananisalimia, nikainua mkono kumjibu. Kumbe mpira ulishamtoka kwa nyuma ya mgongo, umemfikia kijana mmoja wa akiba aitwaye Tenga, aliyeingia dakika ile kwa sababu mwenzake alitolewa kwa faulo tano. Tenga akatupa. Ukaingia. Sitini na moja kwa sitini.

Tulishangilia saa tatu nzima. Watu walikumbatiana bila hati. Nililia, sioni haya kusema.

*

Kesho yake saa mbili asubuhi niliitwa ofisini kwa Waziri, Mheshimiwa Ligunda. Alikuwa amekaa chini ya picha kubwa ya Mheshimiwa Rais, uso umemvimba kwa kukosa usingizi.

"Ngwali," akasema, "nani kafunga?"

"Tenga, Mheshimiwa."

"Tenga ndiye nani?"

"Wa akiba, Mheshimiwa. Jezi namba kumi na nne."

Akafumba macho. Hapo nikaelewa tatizo lake. Hotuba ya pongezi iliandikwa siku mbili kabla ya mechi, ikasainiwa, ikagawiwa kwenye magazeti na redio, nayo ilisema: Kilapilo, peke yake, kwa mkono wake mwenyewe, amefunga kikapu cha ushindi. Wimbo wa kwaya ya Wizara ulisema hivyohivyo. Na pale kwenye mzunguko wa barabara mbele ya Bunge, sanamu ya Kilapilo ilikuwa imeshajengwa hadi kiunoni.

"Na huyo Tenga alipewa mpira na nani?"

"Na Mbonea, Mheshimiwa."

"Kwa hati ipi?"

Miaka ishirini na miwili nimekaa kwenye meza ile, na wallahi halikuwahi kunijia hata siku moja kwamba mpira ni mali ya umma. Una namba ya Wizara pale karibu na tundu la pampu! Na kila pasi ni makabidhiano.

Mheshimiwa akainuka, akafunga dirisha, akafunga na pazia. "Nisikilize. Mtu mmoja akifanya jambo kubwa, huyo ni shujaa, tunamjengea sanamu. Watu watano wakifanya jambo kubwa bila kuambiwa na mtu, hiyo ni njama. Wale vijana hawakusemezana, Ngwali. Nimetazama picha mara kumi na mbili. Hawakusemezana hata neno! Watu wanaoelewana bila kusemezana walikutana wapi? Kibali cha kukutana walipewa na nani? Leo wananchi wakiamini kwamba watano wanaweza kuleta kombe kwa kupeana, kesho watajiuliza mbona nchi..." Akakatiza. Akaitazama ile picha ukutani kwa jicho la wizi, akanywa maji glasi nzima.

"Mimi sijasema kitu," akamalizia.

"Wala mimi sijasikia, Mheshimiwa," nikamjibu, na nilipofika barazani nikaandika vyote viwili.

*

Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Chanzo cha Ushindi. Wajumbe saba, wote wasomi, na hakuna aliyewahi kuona mpira wa kikapu, jambo ambalo lilihakikisha hawana upendeleo. Kila mjumbe alikuja na chupa yake ya chai yenye kufuli. Waliketi kwa duara pana ili kila mmoja aione mikono ya wenzake. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, Mheshimiwa Kabuche, aliyekuwa akinusa kila karatasi kabla ya kuisoma. Mimi nikateuliwa kuandika mwenendo wa vikao.

Siku ya kwanza walianza na vitabu vya shule. Methali "Kidole kimoja hakivunji chawa" iliondolewa hadi itakapothibitishwa hicho kidole cha pili ni cha nani na kilialikwa na nani.

Siku ya pili aliitwa Kilapilo. Kiti kilikuwa kifupi kwake, magoti yakamfika kidevuni.

"Kijana," Mwenyekiti akamwambia kwa upole, "sema tu kwamba ulifunga wewe. Tutamaliza kabla ya chakula cha mchana."

"Sikufunga, Mheshimiwa. Nilikuwa nimezibwa na watatu."

"Ukazidiwa nguvu, ukanyang'anywa mpira na huyu Mbonea?"

"Hapana. Nilimpa. Watatu wakiwa kwangu, lazima kuna mtu yuko peke yake mahali. Nilimwona kwa pembe ya jicho."

"Ulimwona, au mlipanga?"

"Tunacheza pamoja miaka sita, Mheshimiwa."

"Pamoja!" wajumbe wote saba wakasema kwa sauti moja, kisha wakatazamana kwa hofu kwa sababu walikuwa wamekubaliana bila kibali. Mwenyekiti akaamuru hilo lifutwe kwenye mwenendo, nikalifuta.

Siku ya tatu akaja kocha, Bi Nasra, mama mmoja mkavu aliyezoea kupiga filimbi. Wakamuuliza moja kwa moja: ushindi uliletwa na nyota au na timu?

"Nyota asipokuwepo, hakuna wa kuwavuta wale watatu," akasema. "Wenzake wasipokuwepo, anabaki na watatu wake mpaka kesho. Ninyi mnataka nichague mguu wa kulia au wa kushoto?"

"Ndiyo," akasema Mwenyekiti. "Chagua."

Bi Nasra aliinuka akaondoka. Tukaandika: shahidi amekataa kujibu.

Halafu wakamwita Mbonea.

Yeye alinisalimia kama kawaida, "Shikamoo, mjomba," nami nikamwitikia marahaba chinichini nisionekane. Mwenyekiti akamsomea picha ya tukio, sekunde kwa sekunde.

"Hapa mpira uko mkononi mwako. Hapa unamtazama karani. Hapa mpira haupo. Ulimpa Tenga mali ya umma, si ndiyo?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Bila hati."

"Kulikuwa na sekunde nne, Mheshimiwa."

"Na bila kumtazama! Umekabidhi mali ya umma huku unatazama kwingine. Ulijuaje kama ni Tenga? Angekuwa adui je? Angekuwa mjumbe wa Tume?"

Mtoto huyu hajui kudanganya, ndilo tatizo la malezi yangu. "Nilijua atakuwepo," akasema. "Namwamini."

Kalamu za wajumbe zikasimama. Hilo neno kwetu hutumika kanisani na msikitini tu, tena kwa Mungu. Mwenyekiti alifunga jalada polepole, akasema kifungu cha kukabidhi bila hati wala kutazama ni miaka saba, na kijana ashikiliwe kituoni hadi hukumu.

*

Alasiri ile dada yangu Siwema alikuja kwangu, ametoka kituoni. Hakunisalimia hata kwa shaka. Alikaa chini kwenye mkeka, khanga imemteleza mabegani, akanitazama.

"Ngwali. Mtoto nilikupa mkononi."

"Kwa hati, dada. Ninayo."

"Sikukuuliza hati!" Akapiga mkeka kwa kiganja. "Wewe na makaratasi yenu mmemweka ndani. Basi wewe na makaratasi yenu mnitolee mwanangu."

Nikamwahidi. Na sikumwahidi kwa kumtuliza, maana nilikuwa na wazo, na niliona ni wazo zuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo. Kosa la Mbonea ni kukosa hati, au sivyo? Na mimi ninalo daftari la bluu. Nani kampa nani, dakika ya ngapi, mkono gani. Kumbukumbu kamili ya makabidhiano, imeandikwa palepale na mtumishi wa serikali. Wakigonga muhuri tu, tayari ni hati. Nilienda mbio kama mtu aliyeokota riziki.

Tume ililipokea daftari kwa hati, nakala tatu. Mwenyekiti akalinusa, akafungua, akasoma. Uso ukamchanua. Aliniita "ndugu yangu," na mimi, mjinga, nikatabasamu.

"Kumbe si pasi moja," akawaambia wenzake. "Mashindano yote, huyu kijana ametoa pasi mia mbili na kumi na nne." Mjumbe mmoja akapiga hesabu: mara miaka saba, ni miaka elfu moja mia nne na tisini na nane. Mwenyekiti akasema kwa kuwa ni kosa la kwanza, atamsamehe hiyo tisini na nane.

Nilirudi nyumbani sioni njia. Nimemtia mwanangu kitanzini kwa mwandiko wangu mwenyewe, tena mwandiko mzuri. Mashavu aliniletea ugali na maharage, akaweka sahani mbali kidogo na mkono wangu, na juu yake hati. Miaka kumi na minane ya ndoa! Nikasaini, nikala, sikusikia ladha.

*

Mheshimiwa Ligunda hata hivyo bado alikuwa na sanamu isiyo na kiwiliwili. Akatangaza Mechi ya Masahihisho. Fainali ingerudiwa, mbele ya Mheshimiwa Rais, na safari hii Kilapilo angefunga peke yake, apigwe picha, picha ziingie kwenye kumbukumbu za taifa badala ya zile za kwanza. Wapinzani walikataa kuja. Wakavalishwa jezi makarani watano wa Wizara, wakaambiwa wamwachie Kilapilo apite. Wachezaji wenzake Kilapilo waliamriwa wasimame pembeni, mikono nyuma. Ile sheria ya kwamba timu ikikaa na mpira sekunde ishirini na nne unapokonywa ilisitishwa kwa tangazo la gazeti la serikali.

Mbonea aliletwa ili wananchi wakione chanzo chenyewe. Alikalishwa mita mbili kutoka mezani kwangu, katikati ya askari wawili. Pingu hazikuwepo, fomu ya kuzitoa stoo ilikuwa bado kwa mkuu wa kituo. Kwa hiyo Koplo Magwaza alimshika mkono wa kulia na mwenzake akamshika wa kushoto. Baada ya mechi angepanda gari la gereza, na gari lenyewe nililiona pale getini, mlango wazi. Siwema alikuwa jukwaani, safu ya tatu. Nilijua yuko wapi na sikuthubutu kuinua kichwa.

Filimbi ikalia. Kilapilo akadunda mpira, akaenda mbele. Karani wa kwanza alipaswa kumpisha. Hakumpisha! Nilimsikia akimnong'oneza mwenzake, "Amri ya kumwachia umeiona kwa maandishi?"

"Mimi nimeambiwa kwa mdomo."

"Hata mimi. Nikimwachia bila maandishi, si nitakuwa nimekabidhi kikapu?"

Hapo ndipo pakawa na kazi. Makarani wale, waoga kuliko kuku, wakamganda Kilapilo wote watano kama luba. Hakuna timu duniani iliyowahi kumkaba mtu vile. Kilapilo akigeuka kulia wapo, kushoto wapo. Alirusha, ukazibwa, akarusha, ukazibwa. Wenzake wanne wako wazi kabisa pembeni, mikono nyuma, kwa amri. Robo ya kwanza ikaisha sifuri kwa sifuri. Ya pili sifuri. Ya tatu sifuri. Nyota wetu mkubwa, jasho linamchuruzika, anazunguka na makarani wake kiunoni.

Mheshimiwa Rais akatazama saa yake. Mawaziri wote wakatazama saa zao. Mheshimiwa Ligunda hakuwa na saa, akatazama kifundo cha mkono.

Dakika ya thelathini na nane, kukiwa kimya, sauti ya mwanamke ikatoka jukwaani.

"Mpe mwenzako!"

Nilimjua. Elfu tisa wakageuka kutafuta nani kasema. Halafu upande wa pili kabisa, sauti ya mzee: "Mpe!" Halafu mtoto wa shule. Halafu sikuweza tena kuhesabu.

Kilapilo alisimama katikati ya wale watano. Aliinua kichwa akatazama kikapu, na wote watano wakaruka kukizuia kikapu. Mpira haukwenda kwenye kikapu. Ulikuja kwetu, kasi, usawa wa uso wa Koplo Magwaza.

Sasa nikuulize, na unijibu kwa ukweli. Mpira unakujia usoni, wewe unafanyaje? Unainua mikono miwili. Koplo akainua mikono miwili. Akaudaka, akauangalia kama sufuria ya moto, akakumbuka miaka saba, akamrushia mwenzake. "Shika!" Mwenzake naye akashika, kwa mikono miwili, kisha akaona alichoshika, akanirushia mimi.

Nikawa nao.

Tangu kuzaliwa sikuwahi kupokea kitu bila kusaini. Kalamu ilinianguka. Mpira ulikuwa na joto na jasho la watu, na ile namba ya Wizara imenielekea. Mbonea alikuwa amesimama mbele yangu, hajashikwa na mtu yeyote. Hakukimbia. Alinisemesha kwa sauti ileile ya mezani kwetu.

"Usikae nao, mjomba."

Nikaurusha jukwaani. Sijui ulimwangukia nani. Nasikia alikuwa muuza karanga, naye akampa mwalimu, mwalimu akampa padri, padri akampa mama mwenye mtoto mgongoni. Ukazunguka uwanja mzima kutoka mkono hadi mkono, elfu tisa, na kila mmoja alipoupokea alicheka kwanza kwa woga, halafu akacheka kweli. Mawaziri waliufuata kwa macho. Mheshimiwa Rais aliufuata kwa macho. Askari wote waliufuata kwa macho, na kwa miguu pia. Ulipotoka kwa kupitia juu ya ukuta wa kaskazini ndipo mtu alipokumbuka kukitazama kiti cha Mbonea. Kilikuwa kitupu. Na safu ya tatu nayo ilikuwa na pengo.

*

Serikali ilitoa tangazo: aliye na mpira aurudishe ndani ya siku saba. Walihojiwa watu elfu tisa, na wote wakakiri kuupokea. Wote pia walikiri kumpa mwenzao. Mwenzao nani? Hakuna aliyemwona vizuri. Gereza letu kuu linachukua watu mia nne, nao wamebanana.

Sanamu imebaki miguu mitupu. Kila mtaa unadai ni ya mtu wao: mtaani kwao Tenga wanasema ni ya Tenga, na asubuhi moja nilikuta mtu ameivalisha soksi. Tume ilipendekeza kombe lirudishwe kwa waandaaji, waandaaji wakakataa kusaini. Liko stoo kwangu, Mashavu anakorogea uji humo. Mheshimiwa Ligunda amehamishiwa Wizara ya Takwimu za Mvua. Mimi nimeambiwa nisubiri barua. Nilimuuliza Kilapilo, siku tuliyokutana kwa kinyozi, kama ule mpira wa mwisho alikusudia. "Nilizibwa na watano, mzee," akasema. "Nilimwona kwa pembe ya jicho."

Jumanne iliyopita Koplo Magwaza alikuja nyumbani. Alikaa pale kwenye mkeka alipokaa dada yangu, akafungua jalada, akatoa karatasi za rangi tatu.

"Mzee Ngwali, wewe tunakuamini katika mambo ya kumbukumbu," akasema. "Tuna taarifa kwamba yule kijana alipita hapa Jumapili. Alikula, akapumzika, na akaondoka na mama yake kabla ya adhuhuri. Tunachotaka ni upande alioelekea tu. Daraja la mto, au njia ya reli?"

Mashavu alikuwa mlangoni, ameshika mwiko. Daftari langu jipya lilikuwa mapajani. Nilifungua ukurasa wa Jumapili nikamwonyesha. Ulikuwa mweupe.

Nilimtazama Koplo machoni, vizuri kabisa, kama Mbonea alivyonitazama mimi siku ile.

"Sikutazama," nikamwambia.

Akaandika. Nikasaini nakala zote tatu.